Habari Niliyoibeba hadi Kimbiji

Mliponiaga pale ofisini mlinipa kanga doti mbili na saa ya ukutani, mkaniomba niandike kitu cha kuwasaidia nyie mnaobaki. Mwongozo mnao. Uko kabatini, rafu ya chini, umelaliwa na vyandarua vilivyotoboka, na najua hakuna aliyeufungua. Kwa hiyo mwongozo mwingine siandiki. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na nitawaeleza ile karatasi niliyoibandika juu ya simu ya mezani, ambayo mmekuwa mkiicheka tangu mlipoajiriwa. Vyeo na mishahara niachieni. Cheo nilipewa kimoja, na mshahara mnaujua, ndio huohuo wenu.

Kwa atakayesoma hapa bila kunijua: mie naitwa Mama Shani, mzaliwa wa Mtoni, na kazi yangu ilikuwa kutafuta nyumba. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya nje wanakuja Dar kwa wiki sita. Asubuhi wanasoma Kiswahili, mchana wanapelekwa kutazama maisha yetu, halafu wanarudi kwao na cheti. Hizo wiki sita lazima walale mahali, na mahali hapo nilipatafuta mie, Temeke, Mtoni, mpaka ng'ambo Kigamboni. Nikishampeleka mtoto kwenye nyumba ya watu, lolote litakalomkuta huko ni langu.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya visigino. Nilijua nimepata kazi ya ofisini. Niliyemkuta ni Sista Felista, mwanamke wa Bukoba, aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Usista wenyewe haukuwa wa kanisani, ni jina tu tulilompa kwa ajili ya ukali. Nilidhani atanionyesha kompyuta. Akafungua droo akanipa bisibisi na komeo mbili mpya za mlango, bado zimo kwenye nailoni.

"Hivi ni vya nini, dada?" nikamuuliza.

"Vya kazi. Na hivyo viatu kesho uviache kwenu."

Tukatoka. Alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha mpaka anastaafu. Anapiga hodi, anaamkia, anakunywa maji aliyopewa hata kama ameyatilia shaka, anawasifu watoto. Baada ya hapo anaomba kuonyeshwa chumba atakacholala mwanafunzi. Anaingia, anajifungia kwa ndani, na mie nabaki nje. "Sukuma," ananiambia. Nikisukuma kwa adabu anakasirika. "Sukuma kama mwanamume mlevi." Wenye nyumba wanatutazama wasijue wacheke au waudhike. Mlango ukikubali, tunafunga komeo yetu hapohapo, na bisibisi inarudi mkobani. Yangu ninayo mpaka leo, mpini umeshaliwa na jasho.

Mtasema alikuwa na dhana mbaya na watu. Mwaka wangu wa pili tulimweka binti mmoja kwa familia ya Temeke, watu safi, baba mwenye nyumba anaswali, mama anauza vitambaa. Komeo niliifunga kwa mkono wangu. Wiki haijaisha nikapita kumjulia hali, nikakuta mlangoni matundu manne na komeo haipo. Baba akasema ilishika kutu akaitoa. Kutu, komeo ya siku tano. Nikampigia Felista, akaja, hakuuliza hata neno. Aliingia chumbani akafunga sanduku la yule binti mwenyewe, akatoka nalo sebuleni, akasema, "Mtoto ana mzio wa vumbi, daktari amekataza." Mama mwenye nyumba akabaki anaangalia sakafu. Yeye alijua, nami nikajua kwamba anajua, tukaagana kwa kushikana mikono. Ndani ya gari binti alituuliza kosa lake ni nini. Tuliifuta nyumba ile kwenye orodha na yakaisha. Leo nyie mngeripoti, na mngekuwa sahihi. Mie hiyo aibu nimestaafu nayo.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hayana fomu. Mama Tatu wa Mtoni, ambaye nitamtaja tena kwa sababu ndiye mwenyeji bora niliyewahi kumpata, alikuwa na binti yake mdogo, huyo Tatu mwenyewe, wa miaka minne. Mwanafunzi wao wa kwanza alimfundisha Tatu kuchora paka. Wiki sita zikaisha, mgeni akaondoka. Tatu akawa anakaa kizingitini kila Jumamosi, na kalamu yake, maana Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa naleta wageni. Akiniona nashuka peke yangu anaingia ndani. Nikahamisha siku ya kupita, nikawa nakwenda Jumatano. Kwenye ripoti tuliandika kwamba familia imefurahia mabadilishano ya kitamaduni.

Sasa niwaambie siku aliyofariki baba yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ya Klara.

Nilikuwa ofisini, asubuhi, napanga majina. Felista akaja mezani kwangu na chai na chapati mbili. Akavuta kiti akakaa. "Kula," akasema. Nikamwambia nimeshakunywa chai nyumbani. "Kula, Mama Shani, leo kuna safari ndefu." Nikala, yeye ananitazama mkono unavyokwenda mdomoni. Nilipomaliza nikanawa, akaniambia baba anaumwa, gari iko nje, nyumbani wananihitaji. Hapo nikajua. Kwetu mtu akiambiwa mzee hali si nzuri, njoo, anajua. Hakuna anayeambiwa msiba kwenye simu, wala barabarani, wala akiwa peke yake. Unafichwa mpaka ufikishwe mahali penye watu wa kukushika, ndipo unaambiwa. Wakati nakula ile chapati nilikuwa nimeshafiwa tangu alfajiri, na ofisi nzima inajua isipokuwa mie. Nilipofika Mtoni nikakuta kina mama wamejaa, wakanipokea mikononi, sikugusa chini. Siku tatu sikutia kitu kinywani. Zile chapati mbili ndizo zilizonisimamisha wanaume walipolitoa jeneza kwenda makaburini. Nilimshukuru Felista kwa hilo miaka yote, na nikajiapia kwamba na mie nikipewa habari ya namna ile niibebe vilevile.

Klara alikuja miaka mingi baadaye, Felista akiwa ameshastaafu, na mie ndiye mwenye droo ya komeo. Msichana mrefu, miaka ishirini na moja, kutoka nchi ya baridi huko Ulaya, anasomea mambo ya maji. Nilimweka kwa Mama Tatu. Ulimi wake ulikuwa mwepesi ajabu. Wiki ya tatu tu alikuwa anaamkia mtaa mzima, shikamoo kwa bibi, shikamoo kwa muuza genge, hata kwa vijana wa bodaboda waliomzidi miaka miwili, nao wanaitika marahaba kwa madaha. Kila jioni alimpigia baba yake simu. Ndugu hana, mama yake alishatangulia, ni yeye na baba, na shangazi mmoja. Alimfundisha baba maneno yetu. Mama Tatu alishasalimiwa na yule mzee kwenye simu, "Habari za leo, mama," kwa sauti nzito ya kukwama kwama, akacheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya nne tukawapeleka wanafunzi Kimbiji, pwani huko ng'ambo Kigamboni, wakapime visima ambavyo maji yake yameingia chumvi. Siku tatu, wanalala kwa wenyeji kulekule. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, simu ya mezani ikalia. Ni shangazi yake Klara. Alisema baba yake Klara amepata shambulio la moyo, yuko hospitali, anaumwa sana, wamempigia mtoto simu yake haipatikani, tafadhali nimwambie apige nyumbani sasa hivi.

Ndivyo alivyosema. Nayarudia kama nilivyoyasikia. Anaumwa sana, apige sasa hivi.

Nikamwambia pole sana, tutamfuata. Sikuuliza kitu. Kwetu huulizi, unamwongezea mtu uchungu. Nikaweka simu chini, nikakaa, nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaanza kumlilia yule mzee wa habari za leo mama. Hata dakika moja haikunipitia akilini kwamba watu wengine wakisema mtu anaumwa wanamaanisha anaumwa.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu vizuri. Nilifanya vizuri mno, na hicho ndicho kinachonikondesha. Nilimpigia Mama Tatu, akaangua kilio palepale, halafu akajifuta akaanza kazi, akatandika mikeka, akawaita kina mama wa mtaani, akaweka maji ya uji. Nilimpigia Felista kwake Mbagala, kwa kuwa mtoto ni wa dini yao. Akasema anakuja na mwalimu wa kwaya. Halafu akaniagiza, "Usimwambie njiani. Mtoto wa watu anaweza kufungua mlango wa gari akajitupa. Na ale kwanza."

"Najua, dada," nikamjibu.

Saidi dereva tukaondoka naye saa nne na nusu. Nikampa maelezo: mtoto asijue. Barabara ya Kimbiji mnaijua, ukitoka kwenye lami ni mashimo tu, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulifika saa saba mchana.

Nilimkuta kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye kisima, wamekaa jikoni, yeye na watoto wanne, sinia la muhogo wa nazi katikati. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, mikono ina nazi mpaka kwenye vifundo. Aliponiona akafurahi. "Mama Shani, shikamoo! Karibu, chakula kipo."

"Marahaba, mwanangu. Kula tu, nimekuja mara moja."

"Kuna nini?"

"Uhamiaji wanataka sahihi yako kwenye kibali. Ishu ndogo. Ukimaliza tunakwenda."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nikasimama pale mlangoni, mkoba begani, simu yangu imo ndani. Mtandao ulikuwepo, niliutazama. Alikuwa anawafundisha wale watoto kuhesabu kwa lugha ya kwao, wakikosea anacheka, anachota, anakula. Mama mwenye nyumba akanikaribisha kiti nikakataa. Nikawaza, kula mwanangu, kula sana, hujui lini utakula tena. Nilijiona mtu mwema, na Felista angeniona angefurahi. Dakika ishirini, labda ishirini na tano. Alipomaliza nikamwongezea mwenyewe kipande kimoja, akakila.

Kwenye gari akamwomba Saidi chaja, simu yake ilizimika tangu jana. Saidi akanitazama kwenye kioo. Nikamtikisia kichwa kidogo.

"Mbovu, dada," Saidi akasema. Ile waya alikuwa ameshaisogeza kwa mguu chini ya kiti tulipokuwa tunapanda. Hakuna aliyemfundisha, na yeye alizaliwa hukuhuku.

"Basi nitampigia baba usiku," Klara akasema. "Nataka kumwambia maji ya Kimbiji yana chumvi kuliko supu yake."

Tulikwama kwenye tope mara moja, tukasukumwa. Darajani foleni. Saa kumi jioni tukaingia Mtoni. Kina mama walikuwa wamejaa mpaka barazani, kanga vichwani, wamekaa kimya. Macho yao yalikuwa yamevimba, kwa sababu walianza kulia tangu saa sita. Klara akateremka anatabasamu, akaamkia. "Leo kuna sherehe?" akauliza. Tatu, ambaye sasa alikuwa msichana wa shule, akaingia ndani mbio. Mama Tatu akanyanyuka akamkumbatia kwa nguvu, Felista akamshika mkono wa pili, na mie nikasema.

"Klara, mwanangu. Baba yako amefariki."

Sitaandika alivyolia. Walimshika, hakugusa chini, kama walivyonishika mie. Alipopata pumzi akaomba simu. Nikampa yangu. Akazungumza na shangazi yake kwa lugha yao, sie tukimpapasa mgongo. Mara akaitoa simu sikioni, akaniangalia, akauliza polepole, kwa Kiswahili, kila neno mahali pake.

"Mama Shani, nani alikuambia baba amefariki?"

"Shangazi yako, mwanangu. Amepiga asubuhi."

"Amefariki nusu saa iliyopita. Shangazi hajamwambia mtu yeyote. Anauliza mmejuaje."

Felista akaachia mkono wa Klara. Uji ulikuwa jikoni unaungua, na watu wote walisikia harufu wasiende kuutoa. Tulikuwa tumekaa matanga ya mtu aliye hai mchana kutwa. Tulimlilia wakati anapumua, wakati anamtafuta mwanawe, na kila tulilofanya kwa huruma lilizidi kumweka mbali naye.

Aliondoka kesho yake jioni. Uwanja wa ndege alituaga wote, akamkumbatia Mama Tatu, akanikumbatia na mie, mikono yake imelegea. Mkurugenzi akataka ripoti. Niliandika kwamba taarifa ilipokelewa, mwanafunzi alifuatwa siku hiyohiyo, na alifikishiwa habari katika mazingira ya utulivu akiwa amezungukwa na familia. Hakuna uongo ndani yake. Mkurugenzi akasifu jinsi tulivyolishughulikia.

Kwa Felista nilikwenda wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa sebuleni, televisheni imezimwa. Nikadhani tutalia pamoja. Akasema, "Tulifanya sawa."

"Dada, yule baba alikuwa hai."

"Tulifanya sawa, Mama Shani. Wao ndio hawajui kusema." Akaweka kikombe chini, chai haijaguswa. Hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika yeye mwenyewe.

Mie ndipo nilipoandika ile karatasi. Mnaijua, mmeisoma kila siku: "Simu ikitoka kwao, mpe mwanafunzi simu. Usiulize, usisubiri, usipange. Hata kama anakula." Mlikuwa mkifika kwenye hayo maneno ya mwisho mnacheka, mnasema bibi huyu na chakula. Sikuwakataza. Ningewakataza ningelazimika kueleza.

Mwezi mmoja baada ya Klara kuondoka nilipata ujumbe wake kwenye simu. Ni yeye aliyeuandika, hakutumia mashine ya kutafsiri, najua kwa sababu sarufi hiyo nilimsahihisha mwenyewe.

"Shikamoo Mama Shani. Shangazi ameniambia yote. Baba aliniuliza asubuhi nzima. Saa saba ya kwenu aliomba apewe simu aishike mwenyewe, akasubiri ilie. Aliishika mpaka akashindwa. Sina hasira, najua mlinipenda. Nataka kujua kitu kimoja tu. Saa saba mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nilikaa na ule ujumbe siku tatu. Niliandika nikafuta, niliandika mambo ya mila zetu nikafuta, niliandika samahani nikaona ni neno dogo mno, nikafuta. Aliuliza kitu kimoja, nikaona nimjibu hicho.

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa unakula muhogo, na ulikuwa unacheka. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkobani. Nilikuwa nakusubiri umalize."

Aliusoma siku hiyohiyo. Hajajibu.